Seti ya galoni la kioo kwa uchachushaji wa pili wa waini: nimeitumia miezi minane

Nimekaa na hii seti miezi minane na nimeshapitisha waini mara nne, tatu za zabibu nyekundu na moja ya zabibu nyeupe, kwa hiyo naona saivi naweza kuiongelea bila kubahatisha. Ndani ya boksi unakuta ndoo ya plastiki ya lita 5 yenye mfuniko, galoni la kioo la lita 5 lenye shingo nyembamba, kizibo cha raba chenye tundu katikati, eyaloki (kile kibomba cha plastiki kilichopindapinda kama herufi S, unaweka maji kidogo ili gesi itoke na hewa isiingie), haidromita ya kupimia sukari, mpira wa kuhamishia waini, na karatasi moja ya maelekezo. Mtengenezaji simtaji kwa sababu seti za aina hii ziko nyingi na nyingi zinafanana sana, ukinunua yoyote kuna uwezekano mkubwa utakutana na mambo yaleyale niliyokutana nayo mimi.

Kwa kifupi kwa wenye haraka: galoni ni zuri sana, eyaloki ni nzuri, haidromita ni nzuri ila imekuja peke yake bila mtungi wa kupimia, kizibo inabidi ubadilishe, na ile karatasi ya maelekezo ukiifuata kama ilivyo utapoteza waini. Hilo la mwisho ndo limenifanya niandike kirefu hivi.

Kwanza tuelewane hatua ya pili ni nini, maana watu wanachanganya. Hatua ya kwanza ni ile ya fujo, ndoo inachemka kama sufuria, mapovu juu, maganda yanapanda, hamira inazaliana na inataka hewa kidogo mwanzoni ili ipate nguvu. Hiyo inaenda siku tano, sita, saba hivi kutegemea na joto. Hatua ya pili ni pale sukari nyingi imeshaliwa, fujo imepungua, unakamua na kuhamishia kwenye chombo chenye shingo nyembamba kilichofungwa na eyaloki, na kuanzia hapo hewa inageuka kuwa adui. Ni hamira ileile na kazi ileile inaendelea, polepole zaidi. Kuna wanaoita hatua ya pili ule mgeuko wa asidi unaofanywa na bakteria, nitaugusia mbele, na kuna wanaomaanisha kuchachuka tena ndani ya chupa kama champagne. Mimi hapa naongelea ile ya kwenye galoni.

Sasa galoni. Kioo chake ni kinene, hakina viputo ndani, shingo upana wake kama sentimita 3 na tumbo kama sentimita 16. Huo upana wa shingo ndo unaolipia hela yako na watu wengi hawaufikirii. Waini ikifika shingoni, sehemu inayogusana na hewa ni kiduara cha sentimita 3 tu. Ikiishia chini kwenye mabega ya galoni, inakuwa duara la sentimita 16, na ukipiga hesabu ya eneo ni karibu mara 28 ya lile la shingoni. Chombo ni hikohiko, waini ni ileile, tofauti ni lita nusu tu ya kujaza, lakini moja inakaa miezi salama na nyingine inaanza kugeuka ndani ya wiki chache.

Hapa ndo maelekezo yaliponiumiza. Karatasi inasema siku ya saba hamisha waini yote kutoka kwenye ndoo kwenda kwenye galoni, funga eyaloki, subiri. Haya, ndoo ni lita 5, galoni ni lita 5, inaonekana inalingana. Lakini ndoo huwezi kuijaza mpaka juu kwa sababu mapovu yatamwagika, kwa hiyo umeanza na lita 4 na nusu labda. Toa maganda na mbegu. Toa mashapo yaliyolala chini ambayo hutaki kuyabeba. Kinachofika kwenye galoni ni lita 3 na nusu, na galoni linabaki na nafasi ya lita moja na nusu ya hewa. Mara ya kwanza sikujua hilo. Niliamini kwamba gesi inayotoka itasukuma hewa yote nje na kukaa juu ya waini kama blanketi, na kwa siku za mwanzo ni kweli gesi inasukuma, ila uchachushaji ukishapoa hiyo gesi inachanganyika na hewa taratibu, na kila ukifungua kuonja au kupima unaingiza hewa mpya. Wiki ya tano nikafungua, nikanusa, ikanipiga puani ile harufu kali ya siki na kitu kama rangi ya kucha. Juu kulikuwa na utando mwembamba. Waini yote ya zabibu nilizozikamua kwa mikono yangu mwenyewe ilikuwa imeharibika na hakuna dawa ya kuirudisha ikishafika hapo. Iliniuma sana.

Kinachotokea ni kwamba kuna bakteria wa siki, wanakuwepo kwenye matunda na wanabebwa na vile vinzi vidogo vya matunda, na wao wanachukua pombe pamoja na oksijeni wanatengeneza asidi ya siki. Louis Pasteur wa Ufaransa alishalionyesha hilo miaka ya 1860, kwamba siki ni kazi ya vijidudu hai na vinahitaji hewa. Bila hewa hawafanyi kitu. Kwa hiyo kwenye hatua ya pili kazi yako kubwa ni moja, kuondoa nafasi ya hewa juu ya waini. Jaza mpaka kwenye shingo, ubakishe sentimita 2 mpaka 5 chini ya kizibo, basi.

Utajazaje kama waini ni pungufu? Nimejaribu njia tatu. Ya kwanza ni kuongeza waini nyingine inayofanana iliyokamilika, hii ni safi kabisa na haina madhara, ila lazima uwe nayo. Ya pili ni gololi za kioo, unazichemsha, unaziacha zipoe, unainamisha galoni na kuziteleza moja moja taratibu kwenye ukuta wa kioo (usizidondoshe hata siku moja, utapasua kitako). Inafanya kazi lakini jua kwamba gololi ya kawaida ya milimita 16 inachukua kama mililita 2 tu, kwa hiyo kupandisha nusu lita unahitaji gololi zaidi ya 200, nilizihesabu mwenyewe nikiwa nimekaa chini jioni nzima, na siku ya kuziosha ni jioni nyingine. Ya tatu ndo naitumia saivi: nimetafuta galoni dogo zaidi pembeni, na ndoo kubwa zaidi. Yaani uanze na kingi kuliko unachotaka kumaliza nacho. Ukiwa na galoni la lita 5, anza na ndoo inayoweza kubeba lita 7 au 8 za juisi na maganda, alafu kinachozidi weka kwenye chupa ndogo yenye eyaloki yake, hiyo itakuwa waini ya kujazia baadae kila ukihamisha. Kuongeza maji sikushauri, maji kidogo sana hayana shida ila nusu lita kwenye lita nne unaikuta waini imepauka mdomoni, haina mwili.

Kama mtengenezaji angeweka ndoo ya lita 8 kwenye hii seti badala ya lita 5, au galoni la lita 3 na nusu, lawama zangu nusu zingeisha. Sijui kwa nini wanalinganisha namba ya ndoo na namba ya galoni.

Tuje kwenye eyaloki. Hii ya umbo la S naipenda kuliko ile ya vipande vitatu, sababu yangu ni moja: usiku joto likishuka, gesi na hewa ndani ya galoni zinasinyaa, galoni linavuta. Ile ya vipande vitatu inaweza kuvuta maji yake yakaingia kwenye waini, hii ya S maji yanahama tu upande mmoja kwenda mwingine na hewa kidogo inapita kama kiputo, asubuhi joto likipanda yanarudi. Ubaya wake ni kuosha, povu la zabibu likiingia kwenye mikunjo likakauka hulitoi kwa brashi, inabidi uloweke. Weka maji mpaka kwenye mstari, usizidishe, na uwe unaangalia kila wiki maana yanakauka. Mimi niliwahi kusahau wiki tatu nikakuta imebaki tone. Bahati nzuri galoni lilikuwa limejaa mpaka shingoni, nikanusa, nikaonja, salama. Saivi badala ya maji matupu naweka maji yenye dawa kidogo ya metabaisalfaiti, kwamba hata yakivutwa ndani hayaleti vijidudu.

Lakini eyaloki inadanganya jamani, na hapa karatasi ya maelekezo inakosea tena. Inasema viputo vikiacha kutoka, waini imekwisha, weka kwenye chupa. Hapana, hapana kabisa. Viputo vinaweza kuacha kwa sababu kizibo kinavuja pembeni na gesi inapitia huko. Vinaweza kuacha kwa sababu baridi imeingia na hamira imelala sukari ikiwa bado ipo. Na kinyume chake, vinaweza kuendelea wakati uchachushaji umeisha siku nyingi, kwa sababu waini ina gesi nyingi iliyoyeyuka ndani na siku likiwaka joto ile gesi inatoka yenyewe. Ukisikia blup, blup mchana wa joto haimaanishi hamira inafanya kazi. Fikiria tu kiasi cha gesi: sukari ikiliwa na hamira, karibu nusu ya uzito wake inageuka pombe na karibu nusu inageuka gesi ya kaboni dayoksaidi, kilo moja ya sukari inatoa gesi zaidi ya lita 200. Sehemu ya hiyo gesi inabaki imejificha kwenye waini wiki nyingi.

Kinachosema ukweli ni haidromita, na hii ya kwenye seti ni sahihi, niliipima kwenye maji safi ya nyuzi 20 ikasoma 1.000 bila kupepesa (hiyo namba ni uzito wa kimiminika ukilinganisha na maji, sukari inaipandisha juu). Shida yake ni kwamba wamekupa haidromita bila mtungi mrefu mwembamba ambao itaelea ndani yake. Kuidumbukiza kwenye galoni huwezi kuisoma vizuri na kuitoa shingoni ni mtihani, mimi nilitafuta mtungi wa plastiki pembeni. Nawaelezea ninavyopima kwa sababu mwanzo nilikuwa nasoma vibaya. Navuta waini kidogo kwa bomba lililosafishwa kwa dawa, najaza mtungi robo tatu, nashusha haidromita taratibu, alafu naizungusha kwa vidole viwili kama unavyozungusha pia ya kuchezea. Usipoizungusha, viputo vidogo vya gesi vinaganda kwenye kioo chake na kuiinua, utasoma juu ya ukweli. Unaviona kabisa, vimejipanga kwenye shina kama umande, ukizungusha vinaachia vinapanda, na haidromita inazama kidogo mbele ya macho yako. Subiri itulie, shusha jicho liwe sawa na uso wa waini, soma pale chini ya mkunjo sio pale waini inapopanda kwenye kioo. Kama waini ina gesi nyingi, mimina kutoka glasi moja kwenda nyingine mara kadhaa kwanza. Na joto liangalie, haidromita nyingi zimepimwa kwa nyuzi 20, waini yako ikiwa na nyuzi 30 ongeza kama 0.002 au 0.003 kwenye unachosoma. Ukishapima hiyo sampo inywe au imwage, usiirudishe kwenye galoni.

Mfano wa zabibu nyekundu za mara ya pili: nilianza 1.085. Siku ya sita ikawa 1.015, hapo ndo nikakamua na kuhamishia kwenye galoni, sio kwa sababu kalenda inasema siku ya saba. Wakati mzuri ni hapo kati ya 1.020 na 1.010, kwa sababu hamira bado inatoa gesi ya kutosha kusukuma hewa iliyoingia wakati wa kuhamisha, lakini fujo imepungua haiwezi kupandisha povu mpaka kwenye eyaloki. Ukihamisha mapema sana kwenye 1.040 utaamka ukute povu jekundu ukutani. Wiki ya tatu ikasoma 0.998, wiki ya tano 0.994, nikasubiri wiki nzima nikapima tena, 0.994. Hapo imekwisha. Pombe unapata kwa kutoa namba ya mwisho kwenye ya mwanzo, unazidisha kwa 131.25, yaani 0.091 mara 131.25, karibu asilimia 12. Watu wanashangaa inakuwaje chini ya 1.000, jibu ni kwamba pombe ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo waini iliyomaliza sukari yote lazima ishuke chini ya maji. Ikisimama 1.000 kamili bado usiiamini.

Mara ya tatu ilisimama kwenye 1.018. Kilikuwa kipindi cha baridi, usiku chumba kinashuka nyuzi 14, na viputo vikaacha kabisa. Kwa mujibu wa ile karatasi, waini imekwisha, weka kwenye chupa! Ningefanya hivyo ningekuwa nimetengeneza mabomu. Nikaipeleka sehemu yenye joto, nikafunga galoni kwa blanketi, ikafika nyuzi 21, 22, nikalitikisa polepole kwa kulizungusha ili hamira iliyolala chini ipande. Siku ya tatu ikaanza tena, mwezi mmoja baadae ikafika 0.996. Hamira niliyotumia ilikuwa EC-1118 ya Lalvin ambayo inajulikana kwa uvumilivu, inaanzia nyuzi 10 na inaweza kufika pombe asilimia 18, lakini hata hiyo baridi ikiikuta wakati pombe imeshapanda na chakula kimepungua inachoka. Hamira dhaifu zaidi sijui kama ingeamka.

Na kuhusu mabomu naomba watu wachukulie kwa uzito wake. Sukari gramu 4 tu kwa lita moja, ikichachuka ndani ya chupa iliyofungwa, inaleta presha ya kama angahewa moja (yaani sawa na presha ya kawaida ya hewa inayotuzunguka). Champagne inawekewa gramu 24 hivi kwa lita inafika angahewa 6, na chupa zake ni nene makusudi na kizibo kimefungwa waya. Sasa wewe uweke kwenye chupa ya kawaida waini yenye 1.002 ambayo ilikuwa inaelekea 0.994, hizo pointi 8 (yaani 0.008) ni kama gramu 17 za sukari kwa lita, presha ya angahewa 4 ndani ya chupa ambayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kizibo kikiruka una bahati. Kioo kikipasuka kuna mtu anaumia.

Kizibo cha raba ndo kitu kibovu kuliko vyote humu. Kikiwa kikavu kinakaa vizuri, kikilowa kinateleza na kupanda chenyewe. Unakibana usiku, asubuhi unakikuta kimelala upande, tundu wazi. Mara mbili hiyo imenitokea. Dawa ya muda ni kukausha kabisa shingo ya galoni kwa ndani na kizibo chenyewe kwa kitambaa safi kabla ya kubana, na kisha kufunga kwa utepe. Mimi nimebadilisha nikaweka cha silikoni, kinashika hata kikiwa na maji. Pia raba ilikuwa na harufu ya tairi mwanzoni, nikaichemsha ikapungua haikuisha.

Mpira wa kuhamishia ni mrefu wa kutosha na unapinda bila kukunjika, lakini hauna kile kibomba kigumu cha kusimama ndani ya galoni, kwa hiyo ncha yake inaelea au inazama kwenye mashapo ukivuta. Nimeufunga kwenye fimbo ya plastiki nikaacha ncha ikae sentimita 3 juu ya kitako. Galoni lenye waini weka juu ya meza, la kupokelea weka chini sakafuni, tofauti ya urefu ndo inayovuta, na ncha ya chini ifike kitakoni kwa galoni la kupokelea ili waini isirushwe rushwe hewani. Ikiporomoka kutoka juu na kutoa mapovu unakuwa umeichanganya na oksijeni mwenyewe. Usivute kwa mdomo, mdomo una bakteria, jaza mpira maji yaliyochemshwa yakapoa alafu anza nao.

Mashapo yenyewe usiyaogope wala usiyazoee. Yale mazito ya mwanzo, hamira iliyokufa na nyama za tunda, waini ikikaa juu yake muda mrefu inaanza kunuka mayai viza. Mimi nahamisha mara ya kwanza kutoka ndoo kwenda galoni, mara ya pili baada ya wiki tatu au nne, alafu baada ya miezi miwili au mitatu ikishajisafisha. Hayo yanayobaki baadae ni mepesi na hayana haraka. Kila kuhamisha kuna hewa inaingia na kuna waini inapotea, kwa hiyo mwenye pupa ya kuhamisha kila wiki anajiumiza. Kwa galoni la kioo unaona mwenyewe mstari wa mashapo, unamulika tochi upande wa pili, unaona jinsi mwanga unavyopita, hii raha huipati kwenye ndoo ya plastiki hata siku moja. Zabibu nyeupe mwezi wa tatu zilifikia mahali ningeweza kusoma maandishi kupitia galoni.

Kwa sababu kioo ni cheupe, mwanga nao unapita, lifunge kitambaa cheusi au liweke kabatini. Usilimwagie maji ya moto likiwa la baridi, linapasuka. Usilinyanyue kwa shingo, shika kitako na ukaushe mikono kwanza. Hili la lita 5 likijaa linafika kilo 7 na kitu, linabebeka, ila wanaotaka kupanda kwenda la lita 23 wajue likijaa ni karibu kilo 30 za kioo na maji na likikuteleza ni hatari kweli, huko nadhani ningechukua la plastiki ya PET.

Sehemu ya mwisho ambayo maelekezo hayagusi hata kwa neno moja ni dawa. Uchachushaji ukishaisha kabisa na namba imethibitishwa mara mbili, hapo ndo unaweka metabaisalfaiti ya potasiamu. Tembe moja ya Campden (ni dawa hiyohiyo ikiwa kwenye umbo la tembe) ni kama gramu 0.44, kwenye lita 3.8 inatoa salfa dayoksaidi kama miligramu 67 kwa lita. Inazuia bakteria na inakamata oksijeni. Usiiweke hamira ikiwa kazini. Ukitaka waini yenye utamu, sukari isiongezwe bila sobeiti ya potasiamu pamoja na hiyo metabaisalfaiti, na sobeiti yenyewe haiui hamira inayofanya kazi, inaizuia tu isizaliane, kwa hiyo ukiiweka waini ikiwa bado inachachuka haisaidii. Na hapa kuna tahadhari kwa wanaofanya ule mgeuko wa asidi kwenye waini nyekundu, pale bakteria anayeitwa Oenococcus oeni anageuza asidi ya maliki, ile kali kama ya tofaa bichi, kuwa ya laktiki iliyo laini. Hao bakteria wakikutana na sobeiti wanatoa harufu ya majani ya ua la jeranio yaliyopondwa na haitoki tena. Kwa hiyo uchague mapema, ama mgeuko wa asidi na waini kavu (isiyo na utamu), ama sobeiti na utamu. Mara ya pili na ya nne niliacha mgeuko utokee, ndo sababu mara ya nne niliona viputo vidogo vikianza upya mwezi wa tatu wakati haidromita imetulia 0.994, sio sukari ile, ni bakteria. Angekuwa mtu anayefuata viputo angechanganyikiwa.

Nyota naipa 4 kwa 5. Galoni peke yake lingepata 5. Nimeondoa moja kwa ajili ya kizibo, ndoo ndogo, na hasa ile karatasi, maana anayeanza hana kingine cha kushika zaidi ya hiyo karatasi na ndo yeye anayenunua seti. Kama unaweza kununua vitu kimoja kimoja, chukua galoni la aina hii, kizibo cha silikoni, eyaloki mbili (moja ya chupa ndogo ya kujazia), haidromita na mtungi wake, na ndoo ya lita 8. Kama seti umeshanunua, hiyo ndoo ya lita 5 ibaki ya kuoshea vifaa, ndo ninavyoitumia mimi, na galoni usiliachie kwa mtu. Zabibu nyekundu za mara ya nne ziko humo saivi, shingoni kabisa, sentimita 3 chini ya kizibo, juzi nimemulika tochi na mwanga umepita mwekundu bila wingu, nasubiri mwezi mmoja tu niziweke kwenye chupa.